Milimani nawaacha, kwenye kriteriamu naachwa mimi

"Habari kocha. Nina miaka 34, naendesha baiskeli saa 8 kwa wiki, na kwenye vilima huwa nawaacha wengi ninaofanya nao mazoezi. Msimu huu nimejiandikisha katika mfululizo wa kriteriamu za wanawake (mbio fupi za mizunguko mingi kwenye njia ileile), mashindano 6 kwa jumla. Mzunguko ni wa kilomita 1.2 wenye kona 4, tunakimbia dakika 40 na mizunguko 3 ya ziada, daraja zote pamoja. Nimeshiriki mara 3, na mara zote nimeachwa kati ya dakika ya 10 na ya 15, kisha mwamuzi akanitoa. Huwa naanzia nyuma makusudi ili niwe salama na nitunze nguvu za mwisho. Kona zinanitisha tangu mtu alipoanguka mbele yangu kwenye mashindano ya kwanza. Wenzangu wananiambia niongeze pumzi, mwingine ananishauri ninunue magurudumu ya kaboni yenye rimu ndefu. La 4 ni baada ya wiki 3. Nifanye nini, au nikubali tu kwamba mchezo huu si wangu?"

Dada, jibu umeliandika mwenyewe katikati ya swali: unaanzia nyuma makusudi. Unadhani unatunza nguvu, kumbe hapo nyuma ndipo zinapokwisha. Mtu anayewaacha wenzake kwenye vilima ana pumzi ya kutosha kumaliza dakika 40 kwenye barabara tambarare. Anachokosa ni mahali pa kukaa.

Tazama kundi la watu 30 linavyoingia kona. Wa kwanza ana barabara tupu mbele yake. Anachagua njia, anaacha kukanyaga, labda anagusa breki kidogo. Kasi inashuka kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 34, anatoka na kukanyaga tena. Wa pili anachelewa kidogo kuona kilichotokea, kwa hiyo anashika breki kwa nguvu zaidi asigonge gurudumu la mbele yake. Wa tatu vivyo hivyo. Ukifika kwa mtu wa 25, kuchelewa huko kumerundikana: anaingia kona kwa kilomita 28, na wakati yeye bado amelala konani, yaani ameinamisha baiskeli ili apinde, wa kwanza keshasimama kwenye pedali anaondoka. Ni kama foleni ya magari kwenye taa. La kwanza limeshavuka, la ishirini bado halijatikisika, na likishatikisika lazima likimbie kuliko la kwanza ili lizibe pengo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 65. Aliye mbele akitoka 34 kurudi 40 anatumia takriban jouli 1,100 za kuongeza mwendo. Wewe uliye nyuma unatoka 28, na huwezi kuishia 40 kwa sababu pengo limeshafunguka. Inabidi ufike 42. Hizo ni takriban jouli 2,450. Ukizitoa ndani ya sekunde 6, yeye ameongeza wati 186 juu ya zile za kusukuma upepo, wewe umeongeza zaidi ya 400. Kwa dakika 40 na mizunguko 3 ya ziada mtapita kona 96 hivi. Tofauti yenu, ikigawanywa kwa muda wote wa mbio, inafika wastani wa karibu wati 47. Si kila kona itakugharimu hivyo hivyo, na kundi likipoa gharama inashuka. Lakini hakuna mazoezi ya wiki 3 yatakayokuongezea wati 47, ilhali kusogea nafasi 15 mbele kunaweza kukurudishia nyingi kati ya hizo bure. Kufika dakika ya 12 umeshapita kona 25, kila moja kwa bei ya juu. Ndiyo maana miguu inakataa.

Kilima kinakuficha hilo kwa sababu kilima ni kazi ya mwendo mmoja. Unapanda, unapata pumzi yako, unaishikilia. Kriteriamu ni kulipuka, kupumzika sekunde chache, kulipuka tena. Zaidi ya hayo, kwenye kilima wepesi wako unakulipa. Kwenye tambarare adui ni upepo, na upepo haujali uzito wako.

Kuna jambo jingine linalotokana na kukimbia daraja zote pamoja. Wanawake wenye nguvu zaidi wanajua kwamba nusu ya kundi haitastahimili, kwa hiyo wanashambulia mapema, mizunguko ya 4 hadi ya 10, ili kundi likatike. Wakishatoka wachache mbele, wenzao wa timu waliobaki kundini hawana sababu ya kuwafukuza, na mwendo unapoa. Kwa hiyo dakika 15 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo unazoachwa. Ukizivuka ndani ya kundi, mbio unazozikuta baada yake hujawahi kuziona.

Je, nyuma ni salama? Si kweli. Mtu wa nyuma haoni barabara, anaona migongo. Akianguka mtu wa 10, waliopo mbele yake wanaendelea na safari, waliopo nyuma ndio wanaorundikana juu yake. Na nyuma ndiko wanakokusanyika waliochoka na wageni wa mchezo, watu wanaoshika breki katikati ya kona. Mbele kabisa nako si pa kukaa, maana utakuwa unavuta kundi zima bila kujificha upepo. Katika kundi la 30, lenga nafasi ya 5 hadi ya 12. Kundi likiwa la watu 15, kama ilivyo kawaida katika mbio nyingi za wanawake, lenga ya 3 hadi ya 7.

Nafasi hiyo inaanza kutafutwa kabla ya kipyenga. Pasha mwili dakika 25 hadi 30: nyingi kati ya hizo kwa mwendo mwepesi, kisha dakika 5 ngumu za kukufanya uhemee, kisha milipuko 3 ya sekunde 10. Maliza dakika 10 kabla ya kuanza na uende moja kwa moja kwenye mstari. Wengi hupoteza mbio hapa: wanaendelea kuzungukazunguka, wanaitwa, wanakuta safu mbili zimeshajipanga. Simama safu ya kwanza hata kama unajiona huna hadhi yake. Hakuna kanuni inayompa safu hiyo mtu mwenye nguvu zaidi, labda waliotangulia kwa pointi wakiitwa kwa majina. Weka gia ya kati. Nzito mno itakusimamisha, nyepesi mno itakuishia baada ya mita 20. Na jizoeze kuingiza kiatu kwenye pedali bila kutazama chini: mianzo 10 kila unapotoka mazoezini, hadi mguu ujue wenyewe. Kuchelewa sekunde 3 kwenye pedali kunaweza kukugharimu nafasi 10.

Ukishapata nafasi, usifikiri ni yako. Kundi linajizungusha, ukikaa tu ulipo, watu wanapita kulia na kushoto, na baada ya mizunguko 2 uko nyuma tena. Ili kubaki palepale lazima upite watu wawili au watatu katika kila mzunguko. Fanya hivyo mwanzoni mwa sehemu iliyonyooka, kwenye ukingo uliokingwa na upepo, ukitoka gurudumu moja hadi jingine. Usisubiri mita 30 za mwisho kabla ya kona ndipo uchomekee ndani. Huko ndiko watu wanakoangushana, na hata ukifanikiwa unatoka konani ukiwa umebanwa. Wakati mzuri kuliko wote ni baada ya zawadi za katikati. Kengele ikilia, mzunguko unaofuata unakuwa wa kasi kwa sababu kuna zawadi au pointi mstarini. Wakishavuka, wale waliokimbilia wanaacha kukanyaga wavute pumzi, na kundi linapanuka kama maji. Hapo ndipo unapita watu 10 kwa gharama ya wawili. Wengi hutumia sekunde hizo kunywa maji. Wewe pita kwanza, kunywa baadaye.

Sasa kona, na hofu yako. Hofu hiyo si udhaifu. Umeona mtu akianguka na kichwa chako kinafanya kazi yake. Lakini inakufanya ushike breki mahali pabaya zaidi, yaani ndani ya kona. Tairi lina mshiko mmoja tu wa kugawa. Ukiutumia kupinda, unaobaki wa kusimama ni mdogo, na breki ya mbele ukiwa umelala huiinua baiskeli na kuipeleka nje ya njia yako, mara nyingi kwenye bega la mwenzako. Kasi nayo inapanda kwa mraba: kupita kona ileile kwa kilomita 38 badala ya 34 kunahitaji mshiko zaidi kwa robo. Kwa hiyo punguza mapema, baiskeli ikiwa wima, kwa breki zote mbili, kisha ziachie kabla ya kulala.

Mikono iwe sehemu ya chini ya usukani, vidole viwili juu ya breki, viwiko vimelegea. Mguu wa nje ushuke chini kabisa na uukanyage kana kwamba umesimama juu yake, maana uzito huo ndio unaokutuliza konani. Pedali ya ndani iwe juu. Ikiwa chini na wewe umelala, inagonga barabara na gurudumu la nyuma linaruka. Acha kukanyaga mpaka baiskeli ianze kunyanyuka. Macho yaende mahali unapotaka kutokea, sio kwenye gurudumu lililo mbele yako. Hili la macho ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyeona ajali, kwa sababu jicho linataka kubaki kwenye hatari, na baiskeli inafuata jicho.

Vitabu vinachora njia ya kona inayoanzia nje, inagusa ndani, inamalizikia nje. Njia hiyo ni ya mtu aliye peke yake. Ndani ya kundi una mstari wako na wenzako wana yao: ukiingia ndani unatoka ndani, ukiingia nje unatoka nje. Anayekata kutoka mstari mmoja hadi mwingine katikati ya kona ndiye anayeangusha watu. Wala usiache gurudumu lako la mbele lipishane na la nyuma la mwenzako. Akisogea kidogo na yakagusana, yeye huenda asijue, wewe ndiye unayeanguka.

Na ukijikuta nyuma siku hiyo, iko mbinu moja ndogo. Mita 20 au 30 kabla ya kona, acha kukanyaga mapema kuliko wengine na ufungue pengo la nusu baiskeli hadi baiskeli nzima. Wao watashika breki, wewe utaingia na mwendo wako bila kugusa breki, na pengo litajiziba lenyewe mnapotoka. Hukushuka hadi 28, kwa hiyo hulipi kupanda hadi 42. Ukifungua pengo kubwa zaidi ya hapo, mtu atalichomekea, na mbinu imekufa.

Kwa wiki 3 zilizobaki huhitaji kuongeza saa zako 8. Badilisha siku tatu tu, nyingine ziwe nyepesi kweli, sio nyepesi za kujidanganya. Siku ya kwanza, baada ya kupasha mwili dakika 20: sekunde 20 kwa nguvu, karibu mara moja na nusu ya nguvu unayoweza kuishikilia saa nzima, kisha sekunde 40 nyepesi ukiendelea kukanyaga. Rudia mara 10, pumzika dakika 5, na ufanye seti 3. Kosa la kila mtu ni kumaliza miguu kwenye seti ya kwanza. Mlipuko wa 30 unapaswa kufanana na wa kwanza. Siku ya pili: vipindi 2 vya dakika 15 kwa mwendo mgumu lakini unaoshikika, na kila dakika 2 simama ulipuke sekunde 10, halafu rudi kwenye mwendo uleule badala ya kupumzika. Hili ndilo linalofanana na mbio zenyewe. Siku ya tatu ni ya kona. Tafuta uwanja mtupu wenye lami safi, panga chupa za maji kama alama, na upite kona moja kwa dakika 45 ukipandisha mwendo kidogo kidogo, pande zote mbili. Kila mtu ana upande anaouogopa; upande huo upe muda maradufu. Ukipata mwenzako, nendeni kwenye nyasi, mwendo wa kutembea, mgusane mabega na viwiko makusudi. Mtu aliyezoea kuguswa hashtuki akiguswa kwenye mbio. Wiki ya mashindano punguza karibu nusu, na siku moja kabla endesha dakika 45 nyepesi zenye milipuko 3 au 4 mifupi.

Magurudumu ya kaboni yanasaidia, sikatai, lakini yanamsaidia zaidi aliye peke yake kwenye upepo. Ndani ya kundi faida yake hupungua sana, na kwa mtu mwepesi rimu ndefu ya mbele husukumwa na upepo wa ubavuni, jambo ambalo mwenye hofu ya kona halihitaji. Kama unataka kutumia fedha, nunua tairi nzuri. Kisha angalia upepo wake. Waendeshaji wepesi wengi hujaza mno kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni, ambayo ni kikomo tu. Kwa uzito wako na tairi la milimita 28, anzia psi (kipimo cha upepo wa tairi) 60 hadi 65, na kwa la milimita 25 karibu psi 70 hadi 75, mradi usivuke kikomo cha tairi wala cha rimu. Tairi gumu kupita kiasi hurukaruka juu ya lami badala ya kuishika. Mvua ikinyesha toa psi 5 zaidi, na uogope mistari ya rangi na mifuniko ya mitaro kuliko lami yenyewe.

Soma pia kanuni za mfululizo wenu kuhusu mzunguko wa bure. Kwa kawaida ukipata pancha, ukianguka au kifaa muhimu kikivunjika, unaruhusiwa kwenda sehemu ya mafundi, mwamuzi akague, na urudi kwenye kundi ulilokuwamo lipitapo tena. Mnyororo uliotoka kwa kubadilisha gia vibaya mara nyingi hauhesabiwi, na mizunguko ya mwisho ruhusa hiyo huondolewa. Ukiachwa bila hitilafu, usisimame. Tafuta mwingine aliyeachwa, pokezaneni kukaa mbele kwenye upepo, endeleeni hadi mwamuzi awatoe. Katika mifululizo mingi waliotolewa hupangwa kwa utaratibu wa kutolewa, na mtu aliyekokota mashindano yote 6 anaweza kumpita kwa pointi aliyeng'ara mara 2 kisha akapotea.

Yapo ambayo maandishi hayatoshi. Baada ya wiki 3 ukiwa bado unakakamaa konani, tafuta kocha akutazame kwa macho; kosa ambalo wewe hulioni, yeye ataliona baada ya kona mbili. Mikono ikifa ganzi au shingo ikiuma ukiwa sehemu ya chini ya usukani, fundi wa kupima vipimo vya baiskeli aangalie umbali na kimo cha usukani huo, kwa sababu mtu asiyefikia breki vizuri hawezi kuacha kuogopa. Ukianguka ukagonga kichwa, hurudi mbioni siku hiyo hata kama unajisikia vizuri. Kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau kilichotokea au kichwa kinachozidi kuuma ni safari ya hospitali, na helmeti hiyo kazi yake imekwisha, badilisha. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa juhudi kubwa usiyape jina la uchovu. Muone daktari kabla ya mlipuko mwingine wowote. Na hedhi ikikatika miezi 3 bila ujauzito, usimwamini anayesema ndiyo dalili ya kuiva kimazoezi. Moja ya sababu ni kwamba mwili haupati chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa, na mifupa huanza kulipa. Nenda upimwe, na uulizie akiba ya madini ya chuma pia.

Kama mchezo huu ni wako au si wako, bado hatujui. Jumla ya muda uliokaa kwenye mbio haifiki dakika 45, na zote ulizikimbia kutoka mahali pagumu kuliko pote. Huenda mwishowe ukagundua kwamba moyo wako uko kwenye vilima, na hilo si kosa. Lakini lipime baada ya shindano la 6. Katika la 4 usihesabu nafasi ya kumalizia. Ukivuka mstari wa mzunguko wa 10, hesabu ni wangapi wako mbele yako. Wakizidi 12, unajua kazi ya mzunguko wa 11 ni ipi.